Chokaa, mboji, vetiva au alizeti? Nini cha kununua kwanza kwa udongo wenye metali nzito

Metali haziozi. Betri iliyopasuliwa nyuma ya gereji miaka 30 iliyopita, risasi yake bado iko pale pale, kwenye sentimita chache za juu ambamo mboga za dodo na nakati zinaotesha mizizi. Ndiyo maana karibu kila kinachouzwa kwa jina la "kusafisha udongo" hakisafishi. Kizuri kinaifunga metali mahali ilipo, ili isipande kwenye mmea wala isipeperuke na vumbi. Ukilielewa hilo kabla ya kufungua pochi, nusu ya bidhaa utaziacha dukani.

Mpangilio ufuatao unawahusu hasa walio na bustani ndogo: ploti za mabondeni Kampala kama zile za Nakivubo, viwanja karibu na mafundi wa vyuma vya Katwe, mashamba ya kando ya mto Nyamwamba kule Kasese. Tumepanga kwa faida unayopata kwa kila shilingi.

Kabla ya yote: kipimo

Chukua udongo sehemu 12 hadi 15 za bustani, kina cha sentimita 0 hadi 20, kwa koleo la chuma kisichoshika kutu. Usitumie sepetu wala ndoo ya mabati, maana bati limepakwa zinki na litaharibu majibu. Changanya kwenye beseni la plastiki, anika kivulini, peleka nusu kilo. Maabara za udongo za Kawanda na Makerere zinafahamika, lakini piga simu kwanza uulize kama wakati huo wanapima metali, au pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 udongo una asidi) na mbolea tu. Omba risasi, kadimiamu, shaba, zinki, aseniki na pH. Kwa Kasese ongeza kobalti, nikeli na salfa.

Usiruke aseniki hata kama pesa ni kidogo. Risasi, kadimiamu, shaba, zinki na nikeli hutulia pH inapopanda. Aseniki hufanya kinyume: chokaa na fosfati huweza kuifungua. Atakayemwaga chokaa bila kujua hilo anaweza kununua tatizo jipya kwa pesa yake mwenyewe.

Kwa kipimo cha kulinganisha: mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango cha risasi kinachoanza kuwatia wasiwasi kwenye udongo wa makazi kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200. Kwa chakula chenyewe, kanuni za kimataifa za Codex zinaruhusu kwenye mboga za majani risasi isiyozidi miligramu 0.3 kwa kilo, na kadimiamu 0.2.

1. Chokaa ya kilimo

Hii ndiyo ya kwanza, na inayofuata iko mbali nyuma. Udongo mwekundu wenye pH 5.2 huachia kadimiamu na zinki kirahisi. Ukiupandisha hadi 6.5 sehemu kubwa hujishika. Uganda ina mawe ya chokaa Tororo, na Hima na Muhokya kule Kasese, kwa hiyo huhitaji kitu cha kutoka ng'ambo.

Shida iko kwenye gunia. Muuzaji atakuambia "ssebo (bwana), chokaa ni chokaa", na hapo ndipo watu hupigwa. Kuna vitu vinne tofauti vyenye weupe uleule:

Jiwe lililosagwa (kaboneti) ndilo kipimo chetu, nguvu 100 ya kuua asidi. Likiwa na magnesiamu nyingi hufika karibu 108. Chokaa iliyozimwa, ile ya kupakia kuta, ina nguvu ya takribani 135. Chokaa mbichi iliyotoka tanuruni hufika 179 ikiwa safi, lakini huchemka ikikutana na maji na huunguza macho, iache. Jasi haipandishi pH hata kidogo.

Jaribu pale pale dukani. Weka kijiko kimoja cha unga kwenye sahani, kamulia limau. Kaboneti hutoa povu na sauti ya kuchemka; jasi hunyamaza. Chokaa iliyozimwa nayo hutoa povu dogo au hakuna, hivyo koroga kidogo kwenye maji safi na uchovye kalamu ya dijitali ya kupimia pH: ikisoma 12 au zaidi, ni yenyewe. Kisha pitisha kiganja kimoja kwenye chekecheke la unga wa chapati. Kama zaidi ya nusu imebaki juu ni chenga, na chenga hukaa ardhini miaka bila kufanya kazi.

Bei ilinganishe hivi: zidisha kilo za gunia kwa nguvu yake, ndipo ugawe bei. Gunia la kilo 50 lenye nguvu 80 lina kilo 40 za kazi. Gunia la kilo 25 la chokaa iliyozimwa, nguvu 130, lina kilo 32.5. Dogo likiuzwa zaidi ya asilimia 81 ya bei ya kubwa, beba kubwa.

Kiasi: udongo wa kichanga huhitaji takribani tani 2 kwa hekta, mfinyanzi tani 4. Kwa tuta la mita 1.2 kwa 10, yaani mita 12 za mraba, hiyo ni kilo 2.4 hadi 4.8. Kwa ploti ya futi 50 kwa 100 yenye mita za mraba 465, ni kilo 93 hadi 186. Ukitumia iliyozimwa gawanya kwa 1.35. Mwaga mwezi mmoja kabla ya mvua za Machi au za Septemba, chimbia sentimita 15 hadi 20, usubiri angalau wiki 2 kabla ya kupanda. Vaa glavu na ufunge pua.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuchanganya chokaa iliyozimwa na samadi siku moja: naitrojeni nyingi inaondoka kama harufu kali ya amonia. Tenganisha wiki 3. La pili ni tamaa. pH ikipita 7.5 majani ya maharagwe hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu chuma na manganisi vimefungwa pia.

Kuna mahali ambapo hesabu hii haifai. Udongo uliochanganyika na mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, Kasese, una pairaiti, madini ya chuma na salfa, ambayo huendelea kutengeneza asidi kila inapokutana na hewa na maji. Kila asilimia 1 ya salfa hiyo inadai kilo 31 za chokaa kwa tani ya udongo. Kwa kina cha sentimita 20 hiyo ni karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba, tani 80 kwa hekta. Ukimwaga tani 2 pale, pH hupanda msimu mmoja kisha hurudi chini, na mkulima anasema chokaa ni utapeli. Chokaa haikuwa na kosa. Ilikuwa chache mno.

2. Mboji safi

Mboji hushika vizuri sana risasi na shaba, kadimiamu kwa kiasi. Tandaza sentimita 5, changanya na udongo. Kwa tuta letu la mita 12 hiyo ni lita 600, toroli kumi za lita 60.

Chomeka upanga katikati ya lundo dakika tano. Ukitoka wa moto, mboji haijaiva. Kisha pekua kwa mkono: ukiona vipande vya glasi, plastiki au ganda la betri, hiyo imetoka kwenye takataka za mjini zilizochanganywa, na unaweza kuwa unalipa uletewe risasi nyumbani. Kataa pia mboji ya magugu-maji yaliyovunwa karibu na mifereji ya mji. Gugu-maji hunyonya metali, ndiyo sifa yake. Samadi ya kuku wa mayai hutumika, lakini kwa kiasi: chakula chao huongezwa shaba na zinki, na humo ndimo vinamoishia.

Joto letu huimaliza mboji haraka. Ongeza sentimita 1 au 2 kila msimu, na juu yake tandaza maganda ya kahawa au nyasi kavu sentimita 5. Tandazo hilo ni rahisi kupita kiasi kwa kazi linayofanya: risasi nyingi kwenye mboga za majani haikupitia mizizini, ilirukia jani na tone la mvua.

3. Udongo wa kuletwa, juu ya ule wa zamani

Bei ni kubwa, lakini kama watoto wanacheza uani na risasi imepita miligramu 200 kwa kilo, hiki kinapanda hadi namba moja. Kwa tuta la mita 12, kina cha sentimita 30, unahitaji mita za ujazo 3.6, agiza 4.3 kwa sababu udongo hushuka. Chini tandaza magunia ya plastiki yaliyofumwa, ili jembe likiyagusa ujue umefika mwisho. Muulize dereva wa tipa udongo umechimbwa wapi. Akijibu "bondeni", mwambie ageuze.

4. Miche ya vetiva

Kati ya mimea yote, huu ndio tunaoupendekeza kwa moyo mweupe, na si kwa kusafisha. Vetiva, aina ya nyasi ndefu, huvumilia metali, huziacha nyingi mizizini, na mizizi hiyo hushuka mita 2 hadi 4. Kazi yake ni kuzuia udongo mchafu usiteremke kwenye tuta lako au mtoni. Panda mstari kukata mteremko, sentimita 10 hadi 15 kati ya miche. Mita 10 humeza miche 67 hadi 100. Kila mche uwe na machipukizi 2 au 3, majani yamekatwa kwa sentimita 20 na mizizi kwa 10. Nunua ile isiyozaa mbegu, yenye mizizi mibichi inayonukia ukiisugua. Mizizi iliyokauka kama ufagio ni hasara. Ziba mapengo ndani ya wiki 6. Pengo moja kwenye mstari hugeuka mfereji. Majani yatandaze hapo hapo, usimpe ng'ombe.

5. Bayocha

Mkaa wa pumba za mpunga au maganda ya kahawa, uliochomwa kwa hewa kidogo, hushika metali na hukaa ardhini miaka mingi. Kilo 1 hadi 2 kwa mita ya mraba, uliopondwa hadi ukubwa wa punje ya mchele, ulowekwe wiki 2 kwenye maji ya samadi. Ukiuweka mkavu unanyang'anya mimea naitrojeni na mazao yanadumaa msimu wa kwanza. Vumbi la chini ya magunia ya muuza mkaa ni mbadala wa bei ya chini, lakini lina majivu na mchanga; lipepete.

6. Fosfati

Kwa risasi peke yake ni dawa ya kweli: hutengeneza madini magumu ambayo hayayeyuki kirahisi hata tumboni. Fosfati ya mawe ya upande wa Tororo hufanya kazi kwenye udongo wenye asidi, kwa hiyo itangulie, chokaa ifuate miezi kadhaa baadaye. Ukianza na chokaa, jiwe linalala. Mbolea ya DAP itaongeza asidi. Na kama kipimo kimeonyesha aseniki, au shamba limepakana na mfereji wa maji, fosfati iruke kabisa.

7. Mbegu za alizeti na haradali "za kusafisha"

Hapa tunahitaji kalamu. Hekta moja, kina cha sentimita 20, ina udongo tani 2,600 hivi. Kupunguza risasi kwa miligramu 100 tu kwa kilo ni kuondoa kilo 260 za risasi. Alizeti iliyostawi ikitoa tani 10 za mabua makavu yenye miligramu 100 kwa kilo, ambayo ni matokeo ya kusifiwa, umeondoa kilo 1. Misimu 260. Kwa misimu miwili kwa mwaka, wajukuu wa wajukuu wako ndio watakaovuna mboga safi. Kuna wanaoshauri kumwaga EDTA, kemikali inayoshika metali, ili risasi iyeyuke na kupanda juu. Huyeyuka kweli, na sehemu yake hushuka kwenye maji ya kisima.

Feni (mmea wa kangaga) iitwayo Pteris vittata hunyonya aseniki kwa kiwango cha kushangaza, hilo ni kweli, lakini inataka mtu wa kuipeleka mahali salama baada ya kuvuna. Mabua ya mimea hii hayachomwi, hayatupwi kwenye shimo la mboji, hayalishwi mbuzi.

Vya kuacha dukani

Saruji: hugandisha udongo na inaweza kuleta kromiamu. Vipimo vya pH vya kuchomeka vyenye sindano mbili: nunua kalamu ya dijitali yenye maji ya kurekebishia ya pH 4 na 7, koroga sehemu 1 ya udongo na 2.5 za maji ya betri yasiyo na asidi, soma baada ya nusu saa. Majivu ya jikoni ni ya bure, hivyo tumia kilo 2 au 3 badala ya 1 ya chokaa, mradi kuni hazikuwa milango ya zamani yenye rangi. Na bayocha au majivu yaliyotokana na vipande vya nguzo za umeme yakatae hata ukipewa bure: nguzo nyingi huloweshwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, na moto hauziondoi. Kwenye viwanja vya kuoshea dhahabu kwa zebaki, kama vile vya Busia, usinunue chochote kati ya hivi. Chokaa haisaidii zebaki. Hapo panda miti ya mbao, na mboga uzitafutie ardhi nyingine.