CAN ya kilo 50, Kisumu: mbolea nzuri, mabati ndiyo kasoro

Kwa kukuzia mahindi, CAN (calcium ammonium nitrate) tunaipa alama za juu. Nitrojeni yake ni asilimia 26 au 27, nusu ikiwa nitrati ambayo mmea huinywa moja kwa moja, na haitii udongo uchachu kama urea.

Tatizo ni gunia lililogeuka jiwe. Wengi hudhani wameuziwa bandia, ila mara nyingi kosa ni la stoo. Punje za CAN ni nitrati ya amonia iliyochanganywa na chokaa. Nitrati hiyo ikifika nyuzi 32 hubadilisha mpangilio wa fuwele zake. Haiyeyuki, hutanuka kwa asilimia 3 hadi 4, kisha hunywea ikipoa. Chini ya mabati ya Kisumu, joto la Januari hupita hapo mchana na kushuka usiku. Wiki chache za panda-shuka hiyo, punje hupasuka, unga hujaa chini, na unyevu wa ziwa huugandisha. Nakuru kuna baridi kidogo, na mbolea ileile hudumu zaidi.

Kabla ya kulipa, bonyeza kona za chini za gunia. Finya punje kwa kucha: nzima hugoma, iliyochoka huwa unga. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji na ukoroge. Glasi itapoa mkononi, na mashapo ya kijivu yatabaki chini. Hiyo ni chokaa, usimshuku muuzaji. Ila kwa sababu hiyo CAN isiingie kwenye mipira ya umwagiliaji wa matone. Humo tumia nitrati ya kalsiamu, inayoyeyuka yote. Mfuko wake ukishafunguliwa ufunge barabara, maana hunywa unyevu upesi kuliko CAN na kuwa uji.

Bonge kavu halijapoteza nitrojeni. Liponde kwa nyundo ya mbao, upime kifuniko cha soda kwa kila shina. Gunia lililolowa na kuchuruzika likatae.

Nyumbani, weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Usiichanganye na urea: zikikutana hulowana hata hewa ikiwa kavu. Dizeli, makaa na fundi wa kuchomelea wakae mbali kabisa. Nitrati ikishika moto hutoa moshi wa sumu na oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo mchanga hauuzimi. Wahamishieni watu upande upepo unakotoka na muwaite wazima moto; kinachofaa ni maji mengi.

Duka lililopanga magunia hadi yakagusa mabati, sisi hatununui humo.