Sheria za Kiyahudi: uanze na Maimonides au Karo?

Torati inakataza mara 3 kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Kutokana na hilo sheria ya Kiyahudi hutenga nyama na maziwa. Basi aliyekula nyama asubiri muda gani ndipo anywe maziwa? Maimonides, rabi wa karne ya 12, katika kitabu chake cha sheria, Mishneh Torah, anasema kama saa 6. Rabi Yosef Karo, ambaye kitabu chake cha sheria, Shulchan Aruch, kilichapishwa Venice mwaka 1565, anakubali, ila rabi Moses Isserles wa Kraków, katika nyongeza zake kwa kitabu hicho, anataja desturi ya saa 1. Kwa jikoni, Karo anafaa zaidi.

Kwenye mafumbo ya Torati, Karo hafui dafu. Ng'ombe jike mwekundu wa Hesabu 19, ambaye majivu yake humtakasa najisi huku aliyeyakusanya akinajisika, Karo kamwacha, kwa kuwa Hekalu la Yerusalemu halipo tena. Maimonides kamweleza kwa Kiebrania chepesi, bila kutaja alikochota, jambo linaloudhi. Mwenye kupika aanze na Karo. Msomaji wa Torati, Maimonides.