Chapati za Githurai: mswada ulianguka, bei haikushuka

Kwa huyu mama nimekula tangu kabla ya maandamano ya 2024, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Kibanda kiko Githurai 45, pembeni mwa jiji la Nairobi, upande wa reli, mabati na turubai tu. Jina hakina. Yeye tunamwita Mama Chapo, naye ananiita Soja kwa sababu natoka lindo alfajiri, saa anaposukuma chapati ya kwanza.

Chapati yenyewe ilikuwa na tabaka, ukiivuta inaachana polepole. Siri ni mafuta. Anapima kwa kifuniko cha soda: kimoja akikunja unga, kimoja kwenye chuma. Kisha Mswada wa Fedha ukaja na pendekezo la ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Kabla hata wabunge hawajapiga kura, chapati ya shilingi 20 ikawa 25 na kifuniko cha pili kikapotea. Nikamuuliza.

“Soja, mimi nanunua mafuta ya kupima. Unadhani mwenye duka anangoja Bunge?”

Sikuwa na jibu.

Tarehe 25 Juni vijana waliokuwa wakiupinga mswada wakaingia Bungeni, na usiku huku kwetu risasi zikalia. Asubuhi yake nilitoka kazini nikakuta maduka yamefungwa, lami nyeusi kwa matairi yaliyochomwa, vitoa machozi bado vinawasha pua. Jiko lake lilikuwa linawaka. Chai ya maziwa, ndengu, chapati mbili. Nilikula nimesimama maana benchi alikuwa amelificha, aliogopa lisiishie kwenye moto wa barabarani. Chai ile sijaisahau.

Mchana Rais Ruto akatangaza hatautia sahihi mswada. Sote tukashangilia, Mama Chapo akiwemo, mwiko mkononi.

Chapati imebaki 25. Kifuniko cha pili kimerudi, lakini Ijumaa tu, na haelezi kwa nini. Ndengu uziwahi, ukichelewa unapewa mchuzi mtupu. Jambo jingine ni deni: anaandika kwa makaa kwenye kadibodi iliyoning'inizwa juu ya sufuria, jina na pesa, kila mteja anasoma akingoja chai.

Nendeni Ijumaa, mapema, mkiwa na pesa ndogo ndogo. Msiseme ni Soja amewatuma. Kadibodi inasema 75.