Kuku wa mayai ya rangi: muulize muuzaji habari za jogoo kwanza

Tangu wastani wa bei ya mayai nchini Marekani ulipofika dola 6.23 kwa dazeni, mwezi Machi 2025, baada ya mafua ya ndege kuangamiza mamilioni ya kuku wa mayai, wasomaji wangu wengi wanaoishi huku wameanza kufuga kuku wachache nyuma ya nyumba. Kwa kuwa gharama ya banda na chakula wataibeba kwa vyovyote vile, wengi wao wanataka kuku wa mayai ya rangi: ya bluu, ya kijani, ya zeituni na yale mekundu meusi yanayoitwa ya chokoleti. Malalamiko yanayonifikia yanafanana mno. Mtu ameagiza vifaranga waliotangazwa kuwa wa mayai ya bluu, amewalea miezi sita au saba, na siku mtetea wa kwanza anapotaga, yai ni la kahawia hafifu kama lile la dukani. Akimwandikia muuzaji hujibiwa kwamba dhamana ilikuwa kifaranga afike hai, na kwamba maumbile hayatabiriki. Jibu hilo la pili si kweli, nami nimeandika mwongozo huu ili msomaji aweze kulikataa.

Sitazungumzia idadi ya mayai kwa mwaka, ustahimilivu wa baridi wala ulaji, kwa sababu orodha ya kila muuzaji imeyaeleza hayo kwa kirefu. Jambo ambalo orodha hizo hazilitaji ni jogoo. Kwa kuwa jogoo hatagi, hakuna mnunuzi anayekumbuka kuuliza habari zake, ilhali nusu ya urithi wa rangi ya yai hutoka kwake. Isitoshe, miji mingi ya Marekani hairuhusu mkazi kufuga jogoo, hivyo mnunuzi wa mjini hutegemea kabisa jogoo wa muuzaji, ambaye hatamwona maishani.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, inafaa kujua kwamba rangi zote tunazoziona kwenye mayai ya kuku hutokana na vitu viwili tu. Cha kwanza ni biliverdini, ambayo ni ya bluu na hupenya ganda zima, kiasi kwamba ukilivunja yai la bluu utaikuta rangi hata upande wa ndani. Cha pili ni protopofirini, ambayo ni ya kahawia na hupakwa zaidi juu ya ganda katika saa za mwisho kabla yai halijatagwa. Yai la kijani ni la bluu lililopakwa kahawia kidogo, na la zeituni ni la bluu lililopakwa kahawia nzito. Yai jeupe halina hata kimoja kati ya hivyo viwili. Ladha na lishe ya yai hazibadiliki kwa sababu ya rangi ya ganda, na muuzaji anayedai vinginevyo asiaminiwe katika lolote jingine.

Rangi ya bluu huletwa na jeni moja. Mwaka 2013 watafiti walibainisha kwamba ilitokana na kirusi cha kale kilichojipachika ndani ya vinasaba vya kuku, mara moja kwa kuku wa Amerika ya Kusini na mara nyingine, bila uhusiano, kwa kuku wa China. Jeni hiyo ina nguvu, maana nakala moja tu, kutoka kwa mzazi mmoja, inatosha kulifanya ganda liwe la bluu. Hapo ndipo wanunuzi wanapoumia. Mtetea mwenye nakala moja hutaga yai la bluu karibu sawa na la mwenye nakala mbili, na jogoo, awe na mbili, moja au hata asiwe nayo, huwezi kumtambua kwa kumtazama. Jogoo mwenye nakala mbili huwarithisha bluu watoto wake wote, awe amepandishwa kwa mtetea yeyote. Mwenye nakala moja, akipandishwa kwa mitetea wasio na bluu, huwapa nusu ya watoto wake tu. Akipandishwa kwa mitetea wenye nakala moja, robo ya watoto huikosa kabisa. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukuonyesha kapu lililojaa mayai ya bluu ya mitetea wake, pasipo uongo wowote, na bado ukapata vifaranga watakaotaga kahawia.

Swali la kumuuliza kila muuzaji, basi, ni hili: je, jogoo wenu amethibitishwa kuwa na nakala mbili, na amethibitishwa kwa njia gani? Majibu ninayoyakubali ni mawili. La kwanza ni cheti cha kipimo cha vinasaba, ambacho maabara za Marekani hukifanya kwa sampuli ya damu au manyoya. La pili ni la wafugaji wa zamani: jogoo apandishwe kwa mitetea wa mayai meupe, kama Leghorn, kisha majike waliozaliwa wasubiriwe hadi watage. Jogoo mwenye nakala moja ana nafasi moja tu kati ya 128 ya kupata majike saba wa mayai ya bluu bila hata mmoja kukosa, hivyo matokeo ya aina hiyo ni ushahidi mzuri. Muuzaji anayejibu kwamba jogoo wake alitoka katika yai la bluu hajajibu swali, kwa sababu yai hilo huonyesha jeni za mama aliyelitaga na halisemi jogoo alirithi nini.

Ni lazima niseme pia juu ya karatasi ya NPIP, yaani mpango wa taifa wa Marekani wa kuboresha kuku, ambayo wauzaji wengi huitanguliza wanapoulizwa kuhusu ubora. Mpango huo wa taifa ulianza miaka ya 1930 kwa ajili ya kudhibiti pullorum, ugonjwa wa bakteria unaoua vifaranga, na hadi leo kazi yake ni afya ya kundi. Ni karatasi muhimu, na sinunui kifaranga pasipo kuiona. Hata hivyo haisemi neno lolote juu ya mbegu ya kuku wala rangi ya yai, na inanichukiza sana kuona mtu aliyeuliza juu ya urithi akinyamazishwa kwa cheti cha ugonjwa.

Katika orodha yangu nafasi ya kwanza ninampa Cream Legbar, na sifichi kwamba ninampendelea. Mbegu hii ilitengenezwa Cambridge, Uingereza, na R. C. Punnett pamoja na Michael Pease. Punnett ndiye yule ambaye mraba wake wa urithi unafundishwa shuleni hadi leo, na mwaka 1933 alichapisha utafiti ulioeleza jinsi bluu ya yai inavyorithiwa. Cream Legbar aliingizwa katika viwango rasmi vya Uingereza mwaka 1958. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kifaranga wake hujitambulisha jinsia siku anapototolewa: jike huwa na mistari ya kahawia iliyokolea mgongoni, na dume huwa na doa jeupe kichwani na rangi iliyopauka. Wengi huiona sifa hii kuwa ya kuwaepusha na majogoo wasiowataka, na hilo ni kweli, lakini kwangu ina thamani nyingine. Ni njia ya kumkagua muuzaji. Vifaranga wakiletwa kwa jina la Cream Legbar na huwezi kutofautisha dume na jike kwa macho, jua kwamba wamechanganywa, na unaweza kudai fedha zako siku hiyohiyo badala ya kungoja nusu mwaka. Hakuna mbegu nyingine ya mayai ya bluu kwenye orodha hii inayokupa kinga ya namna hiyo. Usipuuze, hata hivyo, swali la nakala mbili, wala usishangae baadhi yao wakitaga yai lenye ukijani, kwa kuwa rangi ya kahawia bado imo katika damu yao.

Nafasi ya pili ni Olive Egger wa kizazi cha kwanza, yaani chotara wa moja kwa moja kati ya kuku wa bluu na kuku wa kahawia nzito. Hapa pia namna wazazi walivyopangwa ndiyo inayoamua. Mpango ninaoutafuta ni mtetea wa Cream Legbar mwenye nakala mbili na jogoo wa Marans mweusi wa shingo ya shaba. Majike wote watataga zeituni, na kwa kuwa mama ana madoadoa ya mistari ambayo baba hana, vifaranga madume watatoka na doa kichwani na majike hawatakuwa nalo, kwa hiyo jinsia hujulikana tangu siku ya kwanza. Wazazi wakigeuzwa, manufaa hayo ya jinsia hupotea. Tatizo kubwa la soko hili ni vizazi vinavyofuata. Wauzaji huchukua Olive Egger wa kizazi cha kwanza, ambaye ana nakala moja tu ya bluu, wakampandisha tena kwa Marans ili kahawia ikolee, kisha wakawauza watoto wote kwa jina lilelile na bei ya juu zaidi. Nusu ya watoto hao hawana bluu na watataga kahawia. Ikiwa bluu yao ya asili ilitoka kwa Ameraucana, kuna dalili ya kusaidia: jeni ya upanga mfupi wa vinundu kichwani imekaa karibu sana na jeni ya bluu katika kromosomu ya kwanza, hivyo kifaranga mwenye upanga huo kwa kawaida anayo bluu, na mwenye upanga mmoja uliosimama kwa kawaida hana. Muuzaji mwaminifu huwachambua kwa dalili hiyo kabla ya kuuza. Kwa Cream Legbar dalili hiyo haifanyi kazi, kwa kuwa yeye mwenyewe ana upanga uliosimama pamoja na bluu.

Ya tatu ni Marans, kuku wa mji wa Marans karibu na La Rochelle, Ufaransa. Rangi yake ya chokoleti haitokani na jeni moja bali na nyingi zinazosaidiana, na ndiyo maana jogoo mmoja kutoka ukoo wa mayai hafifu huharibu kazi ya miaka mingi. Wafaransa hupima yai lake kwa kipimo cha 1 hadi 9, na chini ya 4 hawalikubali kuwa la Marans. Muulize muuzaji dada zake jogoo wanataga namba ngapi, na uulize mayai hayo yalitagwa wakati gani. Mtetea wa Marans hutaga mayai meusi zaidi mwanzoni mwa msimu, kisha rangi hufifia kadiri anavyoendelea kutaga. Picha zinazopamba matangazo ni za yale ya mwanzo, na mara nyingine zimepigwa yai likiwa limelowa au zimekolezwa kwa programu ya simu. Dai picha iliyopigwa mchana, yai likiwa juu ya karatasi nyeupe kando ya yai jeupe la dukani. Kwa mayai ya bluu na zeituni, dai pia picha ya upande wa ndani wa ganda lililovunjwa. Ukiwa mweupe kabisa, bluu haimo.

Ameraucana wa kweli ninamweka wa nne, si kwa ubaya wake bali kwa shida ya kumpata. Alitambuliwa rasmi Marekani mwaka 1984, ana ndevu, mashavu ya manyoya na miguu ya kijivu, na yai lake la bluu ni zuri mno. Lakini jina lake limekuwa kichaka cha wauzaji. Vifaranga wengi wanaouzwa kwa jina hilo, hasa likiwa limeandikwa Americana, ni machotara wa kila namna. Nunua kwa mfugaji anayeshiriki maonyesho na anayetaja rangi ya manyoya kwa jina lake rasmi.

Araucana, mzee wao kutoka kwa Wamapuche wa Chile, simshauri mtu anayeanza. Vishungi vya masikioni vinavyomfanya apendwe hutokana na jeni inayoua kiinitete ndani ya yai kikirithi nakala mbili, na kukosa kwake mkia hupunguza urutubishaji. Unalipa sana ili upate vifaranga wachache.

Easter Egger ni chotara wa bei nafuu. Anafaa kwa asiyejali rangi itakayotoka.

Kwa wasomaji walioko Tanzania na Kenya, hesabu ya jogoo inawapa nafuu. Mwenye mitetea wa kienyeji wanaotaga mayai ya rangi ya maziwa au kahawia hafifu hahitaji kununua kundi jipya. Jogoo mmoja mwenye nakala mbili zilizothibitishwa atawapa majike wa kwanza wote mayai ya bluu au ya kijani. Lakini wajukuu wakizalishwa kwa jogoo wa kienyeji watapoteza bluu kwa nusu, kwa hiyo jogoo huyo atunzwe, na majike wake wasirudishwe kwake bali wapandishwe kwa jogoo mwingine wa ukoo tofauti aliyethibitishwa vilevile.

Jambo la mwisho ni mayai ya kutotoleshea yanayotumwa kwa posta, ambayo wauzaji huyatoza bei inayokaribia ya vifaranga huku wakikataa dhamana yoyote. Mtikisiko wa safari huharibu kifuko cha hewa ndani ya yai, na hasara yote humwangukia mnunuzi. Kifaranga wa siku moja husafiri vizuri zaidi, kwa sababu kiini alichokifyonza kabla ya kutotolewa humlisha hadi saa 72. Kwa Cream Legbar ningeagiza vifaranga daima, nami ningeagiza mapema majira ya baridi, kwa kuwa wafugaji wanaopima majogoo wao huwa na vifaranga wachache na orodha zao hujaa kabla ya machipuko.