Vibao vya udongo au mafunjo: kipi kinatusimulia zaidi?

Watu wa kale waliandika kwenye vyote viwili. Kwa gharama, udongo wa Mesopotamia (Iraki ya leo) unashinda: ulipatikana tele kandokando ya mito. Mafunjo ya Misri yalitaka kazi: shina limenywe, lichanwe vipande vyembamba, vipangwe tabaka mbili zikikingamana, vigongwe, vikauke. Kwa kudumu, unyevu huozesha mafunjo, ilhali moto ulioteketeza Ninawi, mji wa Mesopotamia, mwaka 612 K.K. ulivioka vibao vingi vikawa vigumu kama vyungu! Lakini mafunjo huviringishwa, yakabebeka kirahisi. Yale ya Wadi al-Jarf, bandari ya kale ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, yenye zaidi ya miaka 4,500, yana kumbukumbu za Merer, msimamizi aliyesafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, kwenye ujenzi wa piramidi, siku baada ya siku. Hayo hunisisimua mno. Ukifuatilia madeni na mgao wa shayiri, anza na vibao. Ukiwatafuta wajenzi wa piramidi, shika mafunjo.