Uzoefu wangu: Kuzungushwa medani ya Vicksburg na mwongozaji mwenye leseni

Kama unafuatilia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani na safari yako inakufikisha Vicksburg, Mississippi, lipia mwongozaji mwenye leseni. Anaingia kwenye gari lako (wangu alishika usukani yeye mwenyewe ili mimi nitazame nje) na kwa muda wa saa mbili mnafuata barabara ya hifadhi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 26, inayopita kwenye mistari ya majeshi yote mawili. Malipo yake ni mbali na kiingilio. Weka nafasi mapema.

Kabla yake nilikuwa nimetumia programu ya simu inayosoma maelezo ya kila kituo. Majina ya vikosi yamo, tarehe zimo, ila hadithi yake inaanza pale wanajeshi walipoanza kuchimba mahandaki. Mwongozaji alianza mbali zaidi. Alitandaza ramani juu ya boneti, akaweka kidole ng'ambo ya magharibi ya mto Mississippi, akaanza na majira ya baridi ambayo Ulysses Grant, jenerali wa Muungano (upande wa Kaskazini), alishindwa kila alichojaribu ili kuuteka mji huu ulioshikwa na Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga. William Sherman, jenerali aliyekuwa chini yake, alikuwa amerudishwa nyuma kwa hasara kubwa Chickasaw Bayou mwishoni mwa Desemba 1862. Wanajeshi walichimba mifereji ndani ya vinamasi ili meli zikwepe mizinga ya mji, na mifereji ikakataa. Mji wenyewe uko juu ya genge, mto unapopiga kona kali, na chombo chochote kilichopita chini kilikuwa shabaha.

Usiku wa tarehe 16 Aprili 1863, David Porter, kamanda wa meli za kivita za Muungano, alizipitisha meli zake mbele ya mizinga hiyo. Grant akawashusha askari wake kwa miguu upande wa magharibi, na tarehe 30 Aprili akawavusha mto huko Bruinsburg, kusini ya mji. Sherman, rafiki yake wa karibu, aliupinga mpango huo. Aliona jeshi linajitenga na njia yake ya chakula na risasi katikati ya nchi ya adui. Kilichonishangaza zaidi ni hatua iliyofuata: badala ya kugeuka moja kwa moja kuelekea Vicksburg, Grant alikwenda mashariki mpaka Jackson, makao makuu ya jimbo, akaikata reli iliyoulisha mji. Port Gibson tarehe 1 Mei, Raymond tarehe 12, Jackson tarehe 14, Champion Hill tarehe 16, daraja la Big Black tarehe 17. Mapigano matano, na yote akashinda.

Watu wengi wanaitaja Gettysburg, mapigano ya Julai 1863 huko Pennsylvania, wanapoulizwa vita viligeukia wapi. Baada ya saa hizo mbili, jibu langu ni Champion Hill. Pale jeshi la Shirikisho la Kusini lilivunjika likiwa bado uwanjani, na kilichobaki kilikuwa kulifungia ndani ya mji.

Halafu ardhi inaanza kusema. Kwenye ngome ya Stockade Redan tuliteremka garini, na nikaona makorongo ambayo askari wa Muungano walipaswa kuyapanda huku wakipigwa risasi kutoka juu. Walijaribu tarehe 19 Mei, wakajaribu tena tarehe 22, na siku hiyo ya pili peke yake waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walizidi 3,000. Ukisimama chini ya mteremko ule huhitaji kuelezwa kwa nini Grant aliacha kushambulia akaamua kuuzingira mji.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni ya jemadari aliyeshindwa. John Pemberton alizaliwa Philadelphia, Kaskazini, akaoa Virginia na kuchagua upande wa Kusini. Rais Jefferson Davis alimwambia asiiachie Vicksburg. Jenerali Joseph Johnston, mkubwa wake, alimwamuru atoke mjini waunganishe majeshi. Amri mbili zilizopingana, kwa mtu mmoja, huku adui akipenya kwa kasi kati ya jeshi lake na la Johnston. Aliposalimisha watu wapatao 29,000 tarehe 4 Julai, wapo waliomwita msaliti kwa sababu ya alikozaliwa. Baadaye aliachia cheo chake cha ujenerali akaendelea kulitumikia Shirikisho kama luteni kanali wa mizinga. Mwongozaji alilieleza hili kwa utulivu, bila kumtetea wala kumsuta, na kwangu hapo ndipo alipostahili kila senti.

Mnara wa Illinois ni mzuri, una ngazi 47 kwa siku 47 za kuzingirwa. Mapango waliyojichimbia raia tulisimuliwa tu tukiwa njiani, pamoja na gazeti la mji lililochapishwa kwenye karatasi za kupambia ukuta.

Nampa nyota nne. Ya tano imebaki kwa sababu tulipita haraka mno kwenye mnara wa askari weusi, uliozinduliwa mwaka 2004. Tarehe 7 Juni 1863, huko Milliken's Bend upande wa Louisiana, watu waliokuwa watumwa muda mfupi kabla, wenye mafunzo machache mno, walipigana ana kwa ana na Wateksasi wa jeshi la Kusini wakazuia shambulio lao. Baada ya siku hiyo ilikuwa vigumu kwa maofisa wa Kaskazini kudai kwamba watu weusi hawawezi vita. Huo nao ni mgeuko, na ulihitaji zaidi ya sentensi mbili kutoka dirishani. Mwombe mwongozaji wako asimame hapo. Mwombe pia akueleze makaburi ya hifadhi, walikozikwa askari wa Muungano wapatao 17,000, wengi wao bila jina.

Tenga muda wako mwenyewe kwa USS Cairo, meli ya kivita ya Muungano iliyokingwa kwa mabamba ya chuma, iliyozamishwa na bomu la majini mtoni Yazoo Desemba 1862 na kuopolewa mwaka 1964. Champion Hill iko nje ya mzunguko huu, mashariki ya mji kati ya Edwards na Bolton, kwa hiyo iendee siku nyingine. Kiangazi chagua zamu ya asubuhi, maana joto la Mississippi ni kali na vituo vingi havina kivuli.