Uzoefu wangu: kujaza maunti ya injini iliyochanika kwa poliuretani ya kumimina

Nilinunua seti ya poliuretani ya kumimina (plastiki inayoganda ikawa kama raba), ile inayokuja katika makopo mawili ya kuchanganywa, kwa ajili ya maunti moja tu (kishikizi cha chuma na raba kinachoifunga injini kwenye gari): ile ya chini, inayoizuia injini isijipindue mbele na nyuma dereva anapokanyaga mafuta. Raba yake ilikuwa imechanika katika mikono yote miwili inayoshika bomba la katikati la kupitishia bolti, kiasi kwamba ncha ya bisibisi ilipenya kwenye ufa na kutokea upande wa pili. Gari lilikuwa likitoa mshindo mzito nilipotoka rivasi kwenda gia ya kwanza, na lilirukaruka nilipoachia klachi taratibu kwenye foleni. Kwa kazi hiyo moja seti imenifaa, lakini nisingemshauri mtu aitumie kwenye kila maunti ya gari lake.

Seti hizi huuzwa kwa viwango vya ugumu vinavyopimwa kwa kipimo cha Shore A, na nilichagua 60 badala ya 80. Mtu anaweza kudhani kwamba 60 haitaleta tofauti kubwa, kwa kuwa raba nyingi za injini hazipungukiwi sana na ugumu huo. Tofauti ni kubwa, kwa sababu matundu yaliyomo ndani ya maunti hayakuachwa kwa bahati mbaya: ndiyo yanayoiwezesha raba kunyumbuka na kuumeza mtikisiko, na ukishayajaza, maunti nzima huwa ngumu zaidi hata kama ulichomimina ni laini. Kwa gari la kwenda kazini na kubeba familia, 80 naiona ni kujitafutia adha.

Kuifungua hakukuwa na mambo mengi. Gari liliwekwa juu ya stendi imara, kwa kuwa jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayeingia chini, kisha injini ikaegemezwa kwa jeki nyingine yenye kipande cha ubao juu yake ili sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, isibonyee.

Matokeo ya kazi hii huamuliwa na maandalizi. Raba asilia huvimba na kulainika inapolowa oili, kwa hiyo kama kuna mahali injini inavuja juu ya maunti, tengeneza hapo kwanza au usijisumbue kabisa. Niliisafisha raba kwa dawa ya kusafishia breki hadi kitambaa kikatoka bila weusi wa grisi, nikaikwaruza kwa msasa mpaka mng'ao wote ukaisha, kisha nikaiacha ikauke barabara. Ukavu una maana kubwa hapa, kwani poliuretani mbichi ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na vipovu vyake hubaki ndani milele. Upande wa chini niliuziba kwa ubao uliofunikwa kwa utepe wa plastiki, na bomba la katikati nikalishikilia kwa vipande vya mbao, kwa sababu mikono ikishakatika bomba huinamia upande mmoja, na likigandia hapo bolti haitapita sawasawa. Karatasi ya maelekezo haikusema neno lolote kuhusu jambo hilo, na kwangu huo ndio upungufu mkubwa wa seti yenyewe.

Vimiminika viwili vilipimwa kwa mizani, si kwa macho. Nilikoroga polepole huku nikikwangua kuta na kitako cha kopo, hadi michirizi ya rangi mbili ikapotea na mchanganyiko ukawa mzito kama asali. Niliumimina kwa uzi mwembamba kwenye kona moja tu, nikauacha ujiendee wenyewe chini ya bomba na kuisukuma hewa itokee upande wa pili. Fanya kazi hii mahali penye hewa ya kutosha na uvae glavu, kwani kemikali ya isosayaneti iliyomo inaweza kuanzisha pumu kwa mtu ambaye hajawahi kuugua.

Maelekezo yalitaka saa 24 kabla ya kuondoa ubao na siku 7 kabla ya kuipa maunti kazi, nami niliyafuata. Wapo wanaotumia gundi ya kubandikia vioo vya gari kwa sababu hupatikana kirahisi zaidi, lakini gundi hiyo hukauka kwa unyevu wa hewani, kutoka nje kuelekea ndani, milimita chache tu kwa siku. Kwenye tundu lenye kina, nje huonekana tayari wakati ndani bado ni ujiuji.

Mshindo wa kubadili gia umekwisha kabisa, na gari linaondoka bila kurukaruka. Gharama yake inasikika likiwa limesimama. Injini ya silinda 4 inayozunguka mara 750 kwa dakika huwaka mara 25 kila sekunde, na sasa midundo hiyo inafika kwenye usukani na kuifanya taswira katika kioo cha kuangalia nyuma iwe na ukungu, hasa kiyoyozi kikiwashwa. Mtikisiko huo ulipungua kidogo baada ya wiki kadhaa za kutembea, haukuisha. Mwendo ukishaongezeka siusikii tena.

Maunti zinazobeba uzito wa injini sikuzigusa. Ile ya upande wa mikanda katika gari langu ni ya aina yenye kimiminika ndani, na hiyo ikipasuka na kuanza kuchuruzika majimaji meusi hakuna cha kujaza, ni kubadilisha. Vivyo hivyo kwa maunti ambayo raba yake imebanduka kutoka kwenye chuma, kwa kuwa poliuretani iliyomiminwa haishiki chuma kwa nguvu ya ule mshikamano wa kiwandani.

Nilipochungulia chini hivi karibuni, kona moja ilikuwa imeanza kuachana na raba ya zamani kwa upana wa ukucha, ingawa mshindo haujarudi. Maunti ya upande wa gia boksi bado ni nzima, na ikifika zamu yake nitanunua mpya.